Kelele Zenye Kibali

Kwenye karatasi, mkazi wa mji wa India analala unono. Kanuni zinamwahidi kwamba kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, sauti katika mtaa wa makazi haitazidi wastani wa desibeli 45. Kwa kipimo hicho, feni kuukuu ya darini ikianza kukwaruza inakaribia kuvunja sheria. Mchana mtaa huo unaruhusiwa 55. Maeneo ya biashara yana 65 mchana na 55 usiku, viwandani 75 na 70, na kuzunguka hospitali, shule na mahakama kunaweza kutangazwa ukanda wa mita 100 unaoitwa eneo la ukimya, ambako kiwango hushuka hadi 50 mchana na 40 usiku. Kipaza sauti hakifungwi bila kibali cha maandishi. Usiku hakiwashwi kabisa, isipokuwa ndani ya ukumbi uliofungwa.

Yote hayo yamo katika Kanuni za Udhibiti wa Kelele zilizotangazwa Februari 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi ya Mazingira ya mwaka 1986. Hata kabla ya hapo, mwaka 1987, Bunge lilikuwa limeirekebisha sheria ya hewa ya mwaka 1981 na kuihesabu kelele miongoni mwa vitu vinavyochafua hewa, sawa na moshi. Kwa hiyo anayedhani kwamba Delhi, Mumbai na Kolkata zimejaa makelele kwa sababu serikali ilisahau kutunga sheria amebisha mlango usio wake. Sheria ipo, tena ya kina, na ukiisoma peke yake utasema imeandikwa na mtu aliyekosa usingizi.

Swali la maana ni nani anatoa kibali, nani anatoa msamaha, na nani anapaswa kufika mtaani saa sita usiku kuzima spika. Mara nyingi nchini India kazi hizo tatu ziko chini ya mamlaka moja, na mamlaka hiyo inahitaji kura.

Tuanze na mahakama, kwa sababu ndizo zilizoubeba mzigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mahakama Kuu ya Kerala ilisema kwamba uhuru wa kusema hauji na kipaza sauti mkononi: Katiba inalinda maneno ya mtu, hailindi amplifaya yake. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Calcutta, kwa kalamu ya Jaji Bhagabati Prasad Banerjee, ikaenda hatua moja mbele. Kama mtu ana uhuru wa kusema, jirani yake ana uhuru wa kutosikiliza, na hakuna anayeweza kumfanya mwenzake msikilizaji wa lazima. Agosti 2000 Mahakama ya Juu ya India ikaamua shauri la kanisa moja la Chennai lililokuwa likisali kwa ngoma na vipaza sauti. Ilisema hakuna dini inayoagiza waumini wasali kwa kuvuruga utulivu wa wengine. Kanisa lilikuwa limejitetea kwamba waliolalamika walisukumwa na chuki ya kidini. Utetezi huo tutaukuta tena mbele, safari hii ukiwa na uzito zaidi.

Hukumu kubwa kuliko zote ilitoka tarehe 18 Julai 2005. Shauri lake lilifunguliwa mwaka 1998 na mhandisi mmoja, Anil K. Mittal, baada ya magazeti kuripoti habari ya msichana wa miaka 13 aliyebakwa. Alipiga mayowe ya kuomba msaada na hayakusikika, kwa sababu muziki wa vipaza sauti ulikuwa umeufunika mtaa. Jioni ya siku hiyo alijichoma moto, akafa. Jaji Mkuu R.C. Lahoti na mwenzake Ashok Bhan walichukua miaka kadhaa kuisikiliza kesi hiyo, na walichoandika kinakaribia kuwa kitabu: athari za kelele kwa moyo na usingizi, sheria za nchi nyingine, fataki, honi, ngoma, spika. Wakaweka amri. Fataki zenye mlio zisipigwe kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Ngoma na tarumbeta zisipigwe usiku ila kwa dharura ya umma. Honi zisipigwe usiku katika maeneo ya makazi. Sauti ya vipaza sauti kwenye mpaka wa uwanja wa umma isizidi desibeli 75, au 10 juu ya kiwango cha eneo, lolote lililo dogo. Na msingi wa yote ukawa Ibara ya 21 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Mahakama ilisema kuishi kunahusu pia kuishi kwa amani ndani ya nyumba yako.

Kwa hiyo hadi hapo mambo ni mazuri. Sasa twende kwenye kifungu kidogo cha tatu cha kanuni ya tano.

Oktoba 2002, kanuni zikiwa hazijatimiza hata miaka mitatu, serikali ya shirikisho iliongeza ibara inayoruhusu serikali za majimbo kufungua vipaza sauti hadi saa sita usiku wakati wa sikukuu za dini au utamaduni, kwa siku zisizozidi 15 kwa mwaka. Wanaharakati walienda mahakamani kuipinga. Oktoba 2005, miezi mitatu baada ya ile hukumu yake kubwa, Mahakama ya Juu iliikubali ibara hiyo, lakini ikaifunga kamba. Mamlaka ya kutoa msamaha ni ya serikali ya jimbo yenyewe, isiyakasimu kwa mtu mwingine. Jimbo lihesabiwe kama kitu kimoja, siku zisigawanywe wilaya kwa wilaya. Na maeneo ya ukimya yasiguswe.

Kamba hiyo ilidumu miaka minne na ushei. Januari 2010 kanuni zilirekebishwa tena, na sasa siku hizo zinaweza kutajwa na serikali ya jimbo au na mamlaka ya wilaya iliyoruhusiwa na jimbo. Kilichokatazwa na majaji kiliingia kwa mlango wa marekebisho, kikiwa kimevaa suti ya gazeti la serikali. Tuwe waadilifu: marekebisho hayo hayo ya 2010 yaliingiza pia makatazo ya maana ndani ya kanuni, yakiwamo ya honi na mitambo ya ujenzi usiku. Serikali zina tabia ya kufunga dawa na sumu kwenye karatasi moja.

Ukitazama orodha ya siku za msamaha za mji kama Mumbai, utaona ni somo zuri la siasa za jimbo lake, Maharashtra. Sehemu kubwa zaidi huenda kwa sikukuu ya Ganesh, mungu wa Kihindu, zikafuata siku za Navratri, sikukuu nyingine ya Wahindu. Halafu siku ya kuzaliwa kwa Shivaji, mfalme shujaa wa Wamaratha, siku ya kuzaliwa kwa Ambedkar, kiongozi wa Wadalit, Maulidi, Krismasi, mkesha wa mwaka mpya. Kila kundi lenye kura limepata usiku wake, kwa kadiri ya uzito wake kwenye mizani ya uchaguzi. Wagonjwa, wanafunzi wa mitihani na watoto wachanga hawajawahi kuwa na mandali, kwa hiyo hawamo.

Kwa asiyejua, mandali ni kamati ya mtaa inayochanga fedha, kuagiza sanamu ya Ganesh, kujenga banda lake barabarani na kuandaa maandamano ya kwenda kuizamisha majini. Sikukuu hii ilikuwa ya nyumbani zaidi hadi mwaka 1893, pale mpigania uhuru Lokmanya Tilak alipoitoa nje na kuifanya mkusanyiko wa hadhara, chini ya pua ya Mwingereza. Tangu kuzaliwa kwake kama shughuli ya barabarani, basi, ilikuwa na siasa ndani yake, na kelele zilikuwa sehemu ya ujumbe. Mandali za leo hupokea michango ya wanasiasa na kuwabandika kwenye mabango. Diwani anayekua hukua humo. Polisi anayepewa amri ya kuzima spika za mandali saa nne kamili anajua vizuri picha ya nani imetundikwa juu ya spika hizo.

Hebu tuingie kwenye kipimo chenyewe, kwa sababu hapa ndipo sheria ya India inapoonyesha ujanja ambao wengi hawauoni. Desibeli hazihesabiki kama rupia. Zikiongezeka 10, nguvu ya sauti inakuwa imezidishwa mara kumi, na sikio linaihisi kama imeongezeka karibu mara mbili. Kanuni ya saba inasema mtu anaweza kulalamika iwapo sauti imezidi kiwango cha eneo kwa desibeli 10 au zaidi. Maana yake, mchana mtaa wa makazi una haki ya 55, lakini mlango wa malalamiko unafunguka kwenye 65. Kati ya namba hizo mbili kuna kelele ambayo ni haramu na haina pa kushtakiwa. Usiku kuna nafuu, kwani kukiuka makatazo ya usiku kunatosha kuwa sababu ya kulalamika. Bado ni jambo la ajabu kumwekea mtu uzio halafu ukamwambia mwizi hahesabiwi mwizi mpaka afike sebuleni.

Kisha kuna suala la wastani. Viwango vile havipimi kilele cha sauti, vinapima wastani wake kwa muda wote. Chukua honi ya desibeli 80 inayopigwa chini ya dirisha saa nane usiku kwa sekunde tatu. Ukiisambaza kwenye usiku mzima wa muda wa saa nane inabaki desibeli 40 hivi. Kiwango cha 45 kimetimia, na mtoto ameamka. Ni kweli honi yenyewe imekatazwa usiku na kifungu kingine, lakini mfano unasaidia kuona kwa nini ripoti rasmi na macho mekundu ya wakazi hayakubaliani. Mtandao wa taifa wa kupima kelele ulianza mwaka 2011 na ukafikia vituo 70 katika miji saba: Delhi, Mumbai, Kolkata, Chennai, Bengaluru, Hyderabad na Lucknow, vituo kumi kila mji. Vituo hivyo hukusanya namba usiku na mchana. Vinajua kila kitu na havimkamati mtu yeyote.

Anayeweza kuchukua hatua ni mwingine. Kanuni zinaitaja mamlaka husika kuwa hakimu wa wilaya, kamishna wa polisi, au ofisa mwingine asiye chini ya cheo cha naibu msimamizi wa polisi. Bodi ya mazingira ina vipima sauti bila pingu, na polisi wana pingu bila vipima sauti. Hilo la pili si mzaha: Mahakama Kuu ya Bombay, jina la zamani la Mumbai, ililazimika kuisukuma serikali ya Maharashtra kwa amri baada ya amri ili inunulie vituo vya polisi vipimo zaidi ya 1,800. Bila kipimo hakuna ushahidi, na bila ushahidi ofisa anaweza kufika, akasikiliza, akatingisha kichwa na kuandika kwamba alikuta hali ni shwari.

Pengo hilo lilizibwa kwa muda mrefu na raia. Sumaira Abdulali wa Mumbai, mwanzilishi wa Awaaz Foundation, amekuwa akizunguka na kipima sauti chake kwenye sikukuu na mikutano ya kisiasa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiandika namba na kuzipeleka kwa polisi, kwa magazeti na mahakamani. Wanasiasa walizoea kuona namba zao kwenye gazeti la kesho yake. Kuna kitu cha kusikitisha na cha kuchekesha kwa pamoja katika dola yenye jeshi, setilaiti na bomu la nyuklia kutegemea mwanamke mmoja mwenye kifaa cha kushika mkononi ili ijue sheria yake inafuatwa au la.

Agosti 2016 Mahakama Kuu ya Bombay, majaji Abhay Oka na A.A. Sayed, ilitoa hukumu ndefu katika shauri la daktari wa Thane, Mahesh Bedekar, na wenzake. Ilisema kutumia kipaza sauti si sehemu ya lazima ya dini yoyote. Ikasema pia kwamba ukanda wa mita 100 kuzunguka hospitali, shule na mahakama ni eneo la ukimya moja kwa moja, bila kusubiri tangazo. Mumbai pekee ilikuwa na maeneo zaidi ya 1,500 ya namna hiyo. Katika mji uliosongamana vile, ukichora duara la mita 100 kuzunguka kila zahanati na kila shule, mabanda mengi ya Ganesh yanajikuta ndani ya duara.

Kilichofuata mwaka 2017 kinastahili kusimuliwa taratibu. Tarehe 10 Agosti, wiki mbili kabla ya Ganesh, serikali ya shirikisho ilirekebisha kanuni: hakuna eneo litakaloitwa la ukimya mpaka serikali ya jimbo ilitangaze. Serikali ya Maharashtra ikaenda mahakamani na kueleza, bila kupepesa macho, kwamba kwa kuwa yenyewe haikuwa imetangaza eneo lolote chini ya kanuni mpya, jimbo zima kwa sasa halikuwa na eneo la ukimya hata moja. Hospitali zilikuwa palepale, wagonjwa walikuwa palepale. Kilichoondoka ni maeneo 1,500 na zaidi, kwa aya moja.

Jaji Oka hakuonekana kushawishika. Serikali ikamtuhumu kuwa ana upendeleo na kuomba shauri liondolewe kwake. Jaji Mkuu wa Mahakama hiyo, Manjula Chellur, kwanza alilihamisha. Mawakili wa Mumbai walichachamaa kiasi kwamba muda mfupi baadaye aliunda jopo la majaji watatu na kumrudisha Oka humo, na serikali ikaomba radhi. Tarehe 1 Septemba jopo likasimamisha yale marekebisho. Tarehe 4 Septemba Mahakama ya Juu ikasimamisha amri ya kuyasimamisha. Tarehe 5 Septemba ilikuwa Anant Chaturdashi, siku ya kuzamisha masanamu, ambayo ndiyo yenye kelele kuliko zote. Sijui mfano mwingine wa mfumo wa haki wenye mashauri ya miongo ukionyesha mwendo wa namna hiyo. Oka, kwa taarifa, alipanda baadaye hadi Mahakama ya Juu na akastaafu Mei 2025. Tuhuma ile haikumchelewesha.

Barabarani hadithi ni nyepesi zaidi, ingawa masikio yanaumia vilevile. Malori ya India yameandikwa nyuma kwa rangi na madaha maneno "Horn OK Please", yaani aliye nyuma anakaribishwa kupiga honi kabla ya kupita. Maharashtra ilipiga marufuku maandishi hayo mwaka 2015, kana kwamba madereva walikuwa wakisubiri kusoma ndipo wapige. Mwaka 2012 mkuu wa Audi nchini humo alieleza kwamba kampuni yake inaitengenezea India honi maalumu, imara zaidi, kwa sababu dereva wa Mumbai huipiga kwa siku moja kiasi anachopiga Mjerumani kwa mwaka. Marekebisho ya sheria ya magari ya 2019 yaliweka faini ya rupia 1,000 kwa honi isiyo na sababu, na 2,000 ukirudia. Mapema 2020 polisi wa trafiki wa Mumbai walisambaza video ya jaribio lao: vipima sauti vilifungwa kwenye taa za barabarani, na honi zikizidi desibeli 85 taa nyekundu inaanza kuhesabu upya. Ulimwengu ulicheka na kupiga makofi. Na Oktoba 2021 waziri wa barabara, Nitin Gadkari, alisema anafikiria sheria ya kulazimisha honi zote zitoe sauti za ala za Kihindi: filimbi, tabla, fidla, harmonia. Msomaji anayepanda bajaji kila siku, chombo kilichochukua jina la kampuni ya Pune, ajaribu kuiwazia foleni ya saa kumi na mbili jioni ikiwa na orkestra hiyo.

Huko Bengali Magharibi mambo hayakuwa ya kucheka. Jimbo hilo lilikuwa kali kuliko mengine kwa miaka mingi: fataki zilizuiwa kupita desibeli 90, wakati kiwango cha taifa kilikuwa 125. Ukali huo ulikuwa na gharama kwa raia waliouamini. Tangu mwaka 1997 wameuawa watu kwa kosa la kuwaomba majirani waache kupiga fataki au wapunguze muziki, na Wabengali huwaita mashahidi wa sauti. Mwaka 2023 jimbo lililegeza kiwango chake na kukubali kile cha taifa.

Sasa, dini. Nimeichelewesha makusudi, kwa sababu ukiianza mapema watu huacha kusikiliza mengine. Kanuni za 2000 hazitaji dini yoyote. Spika ya hekalu, ya msikiti, ya kanisa, ya gurdwara ya Masingasinga, ya harusi na ya mgombea ubunge zina sheria moja. Mahakama nazo zimekuwa na msimamo unaofanana. Mei 2020 Mahakama Kuu ya Allahabad ilisema adhana ni sehemu ya Uislamu, lakini kipaza sauti si sehemu ya adhana. Muadhini aite kwa koo lake. Kisheria ni sawasawa kabisa na walivyoambiwa wale Wakristo wa Chennai mwaka 2000.

Mtaani ni kitu kingine. Aprili 2022 Raj Thackeray, kiongozi wa chama cha Maharashtra Navnirman Sena, alisimama Shivaji Park mjini Mumbai na kutishia kwamba spika zisipoondolewa misikitini, wafuasi wake watafunga za kwao nje ya misikiti na kupiga sala ya Kihindu ya Hanuman Chalisa kwa sauti maradufu. Dawa ya spika haramu, kwa maoni yake, ilikuwa spika nyingine haramu, kubwa zaidi. Alilisema hilo kwa kipaza sauti, katika uwanja ambao Mahakama Kuu ya Bombay iliutangaza mwaka 2010 kuwa eneo la ukimya. Katika wiki hizo hizo serikali ya Yogi Adityanath huko Uttar Pradesh iliondoa makumi ya maelfu ya spika kwenye majengo ya ibada na kupunguza sauti za nyingine nyingi. Amri ilihusu dini zote. Zoezi hilo linathibitisha jambo moja ambalo polisi wa India walikuwa wakilikana miaka ishirini: kuzima spika kunawezekana, na kunachukua siku chache tu, pale mwenye madaraka anapotaka.

Majaji wengine wameliona hilo. Novemba 2023 Mahakama Kuu ya Gujarat ilitupa ombi la kupiga marufuku vipaza sauti vya adhana. Jaji Mkuu Sunita Agarwal na mwenzake walimuuliza mwombaji inakuwaje wito usiofika dakika kumi uwe uchafuzi wa kelele, wakati mahekalu nayo huanza ibada alfajiri kwa ngoma na muziki. Waliuliza pia vipimo vyake viko wapi. Hakuwa navyo. Mtu anaweza kubishana na hoja ya dakika kumi, kwa sababu aliyeamshwa saa kumi na moja alfajiri hahesabu dakika. Lakini swali la vipimo lilikuwa sahihi, kwani kesi nyingi za aina hiyo hudai kupinga kelele na kumbe zinapinga mwenye kelele.

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Bombay ilipokea malalamiko ya wakazi wa Nehru Nagar, eneo la Kurla, dhidi ya misikiti na madrasa za mtaa wao ambazo polisi hawakuzigusa. Majaji A.S. Gadkari na S.C. Chandak walirudia kwamba kipaza sauti si sehemu ya lazima ya dini, kisha wakashuka hadi kwenye utaratibu wa kituoni, mahali ambapo hukumu chache hufika. Polisi wasimtake mlalamikaji ajitambulishe, na wakimjua wasimtaje kwa mlalamikiwa. Kosa la kwanza onyo, la pili faini, la tatu spika zinachukuliwa. Na serikali ifikirie kulazimisha vifaa vyenyewe viwe na kikomo cha sauti kilichofungwa ndani. Hilo la jina la mlalamikaji ndilo lenye maana kuliko yote. Kulalamika katika mji wa India kumekuwa kwa muda mrefu ni kupiga simu kituoni, kisha baada ya robo saa kusikia kengele ya mlango ikigongwa na vijana wa kamati.

Adhabu zenyewe zimekuwa na maisha ya ajabu. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1860 iliweka faini ya hadi rupia 200 kwa kero kwa umma, fedha nyingi enzi za Malkia Victoria, na ikabaki 200 mpaka sheria mpya ilipoanza kutumika Julai 2024 na kuipandisha hadi 1,000. Upande mwingine, Sheria ya Hifadhi ya Mazingira ilitishia kifungo cha hadi miaka mitano kwa spika ile ile. Kati ya mia mbili na miaka mitano polisi walichagua kutofanya chochote. Tangu Aprili 2024 kifungo kimefutwa, kimebadilishwa kuwa faini ya kati ya rupia 10,000 na 1,500,000 inayotozwa na ofisa badala ya mahakama. Huenda ni afadhali, kwa kuwa adhabu ndogo inayotozwa inashinda kubwa inayotishiwa. Ila ofisa wa kuitoza ni wa serikali ile ile inayogawa siku 15.

Katikati ya 2025 polisi wa Mumbai walitangaza kwamba wameondoa spika zaidi ya 1,500 kwenye majengo ya ibada mjini humo, sehemu kubwa zikiwa zimetoka misikitini, na Waziri Mkuu wa jimbo, Devendra Fadnavis, akalieleza bunge kuhusu mafanikio hayo mwezi Julai. Mwezi huo huo serikali yake iliitangaza Ganesh kuwa sikukuu rasmi ya jimbo la Maharashtra. Baadhi ya misikiti ya Mumbai, wakati huo, ilianza kutumia programu ya simu inayorusha adhana moja kwa moja hadi kwenye simu za waumini waliojiandikisha. Anayetaka kuisikia anaisikia kwa sauti aipendayo, na asiyetaka haisikii. Mandali bado hazijaonyesha hamu ya kuwa na programu yao.